Konokono Waliohama Jumapili

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya, akili nzuri. Akili yenyewe ni yangu.

Kafika afisa wa uvuvi kutoka mji mkuu, Port Vila. Madamu Leimas. Miwani, kofia pana, nyayo laini zisizoyajua matumbawe. Kasema serikali inatunga sera mpya ya uvuvi, eti samaki na konokono wa bahari wasije wakatuishia, na kila kijiji kitoe kipande kimoja cha mwamba kifungwe miaka mitatu. Hakuna mguu kuingia. Chifu Masing atasimika jani la namele, alama ya mwiko, pale majini, na jani hilo likishasimama hapa kisiwani Malekula, hata mlevi hulizunguka kwa adabu. Atakayevunja atalipa nguruwe.

Sisi tuna vipande viwili tu. Kimoja kiko mbele ya nyumba yetu. Cha pili, ng'ambo ya mkondo, ni cha kina Rexly, binamu yangu. Madamu atahesabu konokono kila upande, kisha ataamua kipi kifungwe.

Shida ni Bibi, mama yake Baba. Kila maji yakipwa hushuka mwambani na kikapu chake, akarudi na pweza, kombe, chochote cha chungu cha jioni. Magoti yake hayafiki mbali zaidi ya hapo. Wakifunga kwetu, Bibi atabaki kukaa barazani akitazama chakula chake kikiogelea. Kwa kina Rexly hakanyagi. Yeye na mama yake Rexly hawasemeshani tangu ile harusi ambayo mmoja alisema laplap ya mwenzake haijaiva.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mjukuu wake Aiser yupo. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Madamu kamchagua Rexly awe msaidizi wake. Eti kasoma hadi kidato cha sita. Mimi nimefika darasa la nane, na hilo la nane niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Lakini nani anaijua bahari? Sikuulizwa.

Ijumaa, 8 Machi

Wamehesabu upande wa kina Rexly. Nilikuwa nimejilaza ndani ya mtumbwi, mbali kidogo, nikijifanya navua. Wanainama, wanainuka. Madamu kashika kitu kama kalamu. Anaandika tu, kama kawaida ya wasomi. Nikasinzia. Jua limenibabua pua.

Jioni kwenye nyumba ya kunywea kava Rexly akatamba kwamba kwao konokono wamejaa tele, Madamu kafurahi mpaka kapiga makofi. Akaniuliza kwetu kuna nini zaidi ya mchanga na Bibi. Watu wakacheka. Nikajikaza kisabuni.

Lakini kava ilipotulia tumboni, kichwa kikafunguka. Mgonjwa ndiye anayelazwa, si mzima. Kwa hiyo watafunga upande wenye konokono wachache! Na wachache ni sisi, kwa sababu mimi na Bibi tunakula vizuri. Basi dawa ni moja tu. Kabla Madamu hajaja kuhesabu kwetu Jumatatu, kwetu kuwe na konokono wengi kuliko kwao.

Na wale wa kwao si ndio hao hapo, ng'ambo ya mkondo?

Nimejishangaa mwenyewe. Kwa nini sikai Bungeni?

Jumapili, 10 Machi

Nimeumwa tumbo asubuhi. Nimeumwa kitaalamu, nikijikunja na kutoa macho. Mama akataka kubaki. Nikamwambia aende tu kanisani akaniombee. Wakaenda wote, mpaka mbwa.

Nikachukua mtumbwi na magunia. Nikazamia upande wa kina Rexly, nikaokota konokono, nikavuka, nikamwaga kwetu, nikarudi tena. Loh! Konokono wa trokas akiwa mmoja ni mapambo. Wakiwa gunia zima ni adhabu. Bega limechubuka. Nimekanyaga kitu chenye miiba, na mguu umevimba kama kiazi kikuu. Huku nyimbo za kanisani zinavuma, na sauti ya Mama inasikika juu ya wote. Nadhani ilikuwa zamu ya tumbo langu.

Kwetu nikawapanga vizuri, karibu karibu, kama wageni wa heshima kwenye mkeka.

Niandike wazi kwamba sikuiba. Mwizi anachukua akala. Mimi sijala hata mmoja. Nimewahamisha tu, na nauli hawakulipa.

Bibi alivyorudi akatazama mguu wangu. Akauliza tangu lini tumbo likaota miiba.

Jumatatu, 11 Machi

Sina hamu hata ya kuandika. Ila naandika.

Madamu kashuka kwetu na Rexly wake. Mimi nimesimama ufukweni, mikono kiunoni, kama mwenye duka. Mara kapiga kelele za furaha. Konokono! Tele! Nikamkonyeza Bibi pale barazani. Kisha kelele zikakatika. Madamu kamgeuza konokono mmoja. Kamgeuza wa pili. Kamwita Rexly. Wakawa wanageuza na kutazamana.

Kumbe Ijumaa ile hawakuwa wanaandika kwenye karatasi. Walikuwa wanawaandika konokono! Kila mmoja kapigwa namba nyekundu kwenye gamba, chini, mahali ambapo mtu mwenye haraka ya Jumapili hatazami.

Madamu akaniuliza kwa upole namba hizi zimefikaje huku. Nikasema huenda wametembea. Akasema konokono huyu akijitahidi sana kwa siku nzima hamalizi urefu wa mtumbwi, na pale katikati pana mkondo unaovuta mpaka ngalawa. Nikasema labda wamechoshwa na majirani wabaya, na mtu akikimbia ugomvi hupata mbio. Rexly kacheka mpaka kakaa majini na nguo zake.

Bibi akapaza sauti kutoka barazani kuuliza nani kafa. Rexly akamjibu, “Akili ya Aiser, Bibi! Tunazika kesho!”

Jumanne, 12 Machi

Mkutano. Kijiji kizima kilikuja. Hata wasiokula konokono.

Baba yake Rexly kasimama wa kwanza, kasema mwamba wake umeingiliwa. Chifu akanitoza faini: jogoo wangu na mzizi wangu mkubwa wa kava, ule niliokuwa naulea kama mtoto. Nikasema sawa, kwa vile nilijua makubwa nimeyaokoa. Kwetu kumejaa, kwao kumebaki kweupe, wao ndio wagonjwa. Afungwe mgonjwa!

Ndipo Madamu akaeleza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hawafungi penye wachache. Wanafunga penye wengi! Kwa sababu wengi ndio wazazi, na konokono wakikaa mmoja huku mmoja kule hawazaani, ila wakisogeleana watoto wao huenea mwamba wote. Kasema hata mabingwa wa Vila hufanya hivyo hivyo, huwakusanya pamoja. Kasema kazi yangu ilikuwa nzuri sana, tatizo tu nimeifanya upande usio wake. Kama Jumapili ningelala kweli, wangefunga kwa kina Rexly na habari ikaisha.

Nikasema basi niwarudishe, hata sasa hivi, mguu huu huu. Akasema wakihamishwa tena kwenye jua namna ile wengi watakufa. Wameshafika, wakae.

Kwetu kumefungwa.

Nikamtazama Bibi. Alikuwa anajipepea, kaacha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikitazama tu kikapu chake.

Kisha akasimama. Taratibu, goti moja, goti la pili. Akamuuliza Madamu kama sera ina tumbo. Madamu akasema hapana. Bibi akasema ndiyo maana. Yeye analo, na kila jioni linauliza swali lile lile. Wakimfunga miaka mitatu atapanda meli, aje alale mlangoni pa ofisi yao Vila, na anakoroma. Chifu Masing, ambaye ni shemeji yake na anauogopa ulimi wake kuliko kimbunga, akaingilia haraka: ni kweli, anakoroma.

Watu wakaangua kicheko, Madamu naye. Lakini akafikiri. Akauliza wazee wenzake wako wangapi, wanachukua nini, wanafika wapi. Mwishowe wakakubaliana wote: bibi mzee anayekwenda kwa miguu na kuokota kwa mkono, kwa ajili ya chungu cha siku hiyo, ataruhusiwa pembeni mwa mwamba. Ila konokono wa trokas hagusi. Na Madamu kasema atalipeleka hilo Vila, liingie kwenye sera ya nchi nzima.

Bibi kaingia kwenye sera ya nchi! Nikampigia makofi. Akaniambia nikae chini, nimeshafanya ya kutosha.

Alhamisi, 14 Machi

Namele limesimikwa. Chifu kalichomeka, likasimama pale majini na ncha zake kama meno. Jogoo wangu kaliwa mchana na kina Rexly. Wamenitumia shingo.

Maji yalipokupwa Bibi akashuka na kikapu, peke yake, mwamba wote wake kama malkia. Nikataka kumfuata nimbebee. Rexly akaniita kwa mbali, “Binamu, unyayo mmoja, nguruwe mmoja!” Baba naye akamnyooshea kidole nguruwe wake mwenye meno ya kupinda, anayemlea kwa harusi ya kaka yangu, kisha akaninyooshea mimi. Akasema akiambiwa achague nani abaki nyumbani, hatahitaji muda wa kufikiri.

Bibi karudi na pweza wawili wanene. Kala na mke wa chifu. Mimi nimekula samaki wa kopo. Bibi kanipa mkono mmoja wa pweza, kasema ni wa makumbusho.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nimekaa nikaichambua ile kanuni neno kwa neno, kama wakili. Bibi mzee. Kwa miguu. Kwa mkono. Kwa chungu cha siku hiyo. Sasa mimi nauliza: wapi wamesema ni bibi yupi?

Gauni la Bibi la maua nimelianua kambani, lile pana lenye riboni mikononi. Mabegani linakaa vizuri. Chini linaishia magotini, lakini nitakuwa nimeinama. Ndevu nimefunika na kitambaa. Nimefanya majaribio nyuma ya nyumba, mkono mmoja kiunoni, nikilalamika magoti. Nguruwe wa Baba hakunitambua kabisa. Safari hii hakuna namba wala Rexly. Kaenda kwenye mpira.

Maji yanakupwa. Bibi mwenyewe keshashuka, namwona kule mwambani, mke wa chifu kakaa ufukweni anapiga soga naye. Si neno. Akiona mabibi wawili atadhani ni jua.

Naenda. Kikapu kiko wapi?