Sauti Iliyokuwa Inanijibu Dirishani

Leo nimeaibika, tena nikiwa juu ya bati, mahali ambapo kila mpita njia anakuona.

Mnaijua TV yangu ya kichogo. Tangu matangazo yahamie dijitali imekuwa ya kutandikia kitambaa. Juzi nikajikaza, nikauza mahindi, nikanunua king'amuzi, dishi, waya na kifurushi. (Nilidhani vyote vinakuja kwenye boksi moja. Kumbe kila kimoja kina bei yake.) Fundi aliponitajia hela ya kufunga, nikamwambia asante, dishi ni sufuria tu, nitalifunga mwenyewe.

Haraka yote ilikuwa ya mama mkwe. Alifika jana kutoka Kasulo, kule Ngara, kwa sababu kitinda mimba wake anaimba kwaya na ibada yao ilikuwa inarushwa leo. Sasa, ukoo wetu ulihamia huku Biharamulo na mila zetu za Kisukuma. Mama mkwe unapishana naye kwa mbali, na ukimkosea heshima faini yake ni mbuzi. Tangu nioe sijawahi kuongea naye, hata salamu hupitia kwa mke wangu, Mama Kulwa. Kwa hiyo tulipanga: mkwe akae jikoni na wajukuu, mimi nimalize, nishuke, nipotelee kwa jirani, ndipo aingie sebuleni.

Nikapanda na spana. Nageuza dishi, nauliza, "Bado?" Mama Kulwa anajibu kupitia dirishani, "Bado." Nageuza tena. Bado. Bati linaunguza magoti na ibada imeshaanza. Hasira zikanipanda.

"Bado?"

"Bado." Sauti ilikuwa ya chini kidogo. Nikadhani amechoka.

"Wewe mwanamke, unaangalia TV au unaangalia ukuta? Sema basi, kulia au kushoto!"

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu? Yaani kwenu hamkufundishwa hata kushoto?"

"Kwako, baba. Rudisha kidogo. Hapo hapo, usiguse."

Kwaya ikasikika mpaka nje. Nikainua mikono kushangilia, na ndipo nikamwona Mama Kulwa anatoka jikoni, mwiko mkononi, ananitazama. Kumbe maziwa yalipoanza kumwagika alikimbilia huko, akamwachia mama yake kazi ya kuangalia TV.

Ngazi ilikuwa imeegemea mbele ya mlango wa sebule, na mlango uko wazi. Kushuka ni kumshukia mkwe usoni, tena na kaptula iliyopasuka nyuma. Nikabaki juu. Ibada ikaisha, likaja tangazo la sabuni, ikaja taarifa ya habari, ikaja tamthilia. Mkwe hakunyanyuka. (Kifurushi nilichukua kile kikubwa, kwa sifa.) Jirani akapita akaniuliza kama bado sijamaliza. Nikamwambia nacheki upepo.

Mwishowe Mama Kulwa akaja chini ya ukuta, anajizuia kucheka, akanipa ujumbe.

"Mama anashukuru, picha ni safi. Na kushoto alifundishwa. Anasubiri mbuzi."

Msicheke. Bei ya mbuzi huyo ingemlipa fundi, ikanunua na ngazi ya pili ya kushukia nyuma ya nyumba.