Nilivyomuuza Mnara kwa Bei ya Jumla

Leo nimeumbuliwa mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima wa Gerezani. Nawasimulia mwenyewe kabla Saidi hajawatumia video.

Mnajua mimi ndiye meneja wa timu yetu ya kikapu, Mtaa wa Mchikichi. (Nilijiteua. Hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikiliza.) Nyota wetu ni Elia, tunamwita Mnara. Mpira ukishamfikia Mnara, nyie wengine nendeni mkanywe maji. Na hapo ndipo tatizo lilipo! Wiki aliyoumwa malaria tulifungwa mpaka muuza mihogo wa pale uwanjani akatupa mihogo ya bure.

Nikawaza kibiashara. Mama yangu anauza balbu kwa jumla hapa Kariakoo, nimekulia juu ya maboksi. Duka lenye bidhaa moja si duka, ni maonyesho. Juzi nikamfuata Kashi, nahodha wa Gerezani.

"Nakupa Mnara. Nipe watu watatu."

"Wawili."

"Watatu, na nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Pampu ya mpira."

Akakubali haraka mno. (Mtu akikubali haraka Kariakoo, kimbia. Mimi nikampa mkono.)

Saidi, nahodha wetu, alishika kichwa. "Godi, umeuza injini ukanunua matairi!"

"Matairi matatu," nikamjibu. "Tukifungwa, nivueni umeneja."

Na mechi ya leo haikuwa ya kujifurahisha. Uwanja ni mmoja, mitaa ni miwili. Anayeshinda anachukua Jumamosi zote mpaka shule zifungwe.

Saa tisa tumefika. Benchi limejaa! Begi langu lilikosa pa kukaa. Nikapiga picha, nikaandika "Kikosi kipana." (Nimeifuta. Msiitafute.)

Mgeni wa kwanza, Frenki. Akadaka vizuri, akageuka vizuri, akatoa pasi safi kabisa. Kwa Kashi.

"Frenki! Huyo siyo wetu!"

"Samahani bosi, mazoea."

Miaka mitatu amempasia Kashi, mikono yake haijapata taarifa za uhamisho. Akampasia tena. Ya tatu Kashi akasema asante.

Mgeni wa pili, Shaibu. Huyu kifua kama kabati, akaanza kuzuia watu mpaka nikasimama kushangilia. Robo ya pili mama yake akatokea, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Shaibu! Mzigo wa ndoo umeshuka, nani ataubeba?"

Nikamwendea kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, tuko kwenye mechi..."

"Marahaba. Na wewe njoo, una mikono."

Nikarudi nyuma ya benchi. Shaibu akaondoka na jezi yetu.

Nikamgeukia wa tatu, Musa. "Ingia!"

"Niingie wapi?"

"Uwanjani!"

"Kaka, mimi sichezi. Mimi ndiye mwenye pampu."

Jamani! Kashi aliniuzia pampu, halafu akaniuzia na mtu wa kuishika.

Wakati huo Mnara anafunga tu. Na kila akifunga ananipungia mkono. "Mambo, bosi?" Nitajibu nini? Poa.

Tulifungwa hamsini na moja kwa kumi na tisa. Jumamosi zimeondoka. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa darasa la pili anakijua dukani kwetu: balbu haitoki mpaka iwashwe kwenye holda, mteja aione inawaka. Mimi nilibeba tatu bila kujaribu hata moja.

Saidi akanipita kama nguzo, akaenda kwa Kashi. "Turudishie Mnara, chukueni watu wenu."

Nikajua watakataa. Kumbe timu ya Kashi imenuna! Mmoja akasema, "Huyu Mnara wenu mchukueni. Mimi sijagusa mpira tangu mechi ianze." (Mnaona? Hoja yangu ilikuwa sahihi. Haikunisaidia, lakini ilikuwa sahihi.)

Kashi akakuna kidevu. "Sawa. Watatu wetu, pampu yetu, na nyongeza."

Saidi akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaniangalia mimi.

"Mchukueni meneja."

Nikacheka. Nikawa nacheka peke yangu.

"Anajua nini?" Kashi akauliza.

"Kuongea."

"Tumjaribu kwanza." Akanirushia mpira. "Funga moja."

 Simu zikainuliwa uwanja mzima. Nikakunja magoti kama Mnara, nikafumba jicho moja, nikarusha. Mpira ukapita juu ya ubao, ukavuka uzio, ukatua kwenye beseni la mihogo mibichi.  Muuza mihogo aliukamata mpira, akauangalia, akaniangalia, akatikisa kichwa. Siku ile alituhurumia kwa mihogo ya bure, leo ameghairi.

Kashi akamshika Saidi bega. "Basi, nyongeza tumesamehe. Mchukueni Mnara, na huyu bakini naye."

Kwa hiyo, kibiashara, nimemrudisha nyota bila kutoa nyongeza. Hakuna meneja aliyewahi kupatana vizuri hivyo. Nilimweleza Saidi hivyo wakati ananivua filimbi ya umeneja shingoni.

Sasa niko dukani, nawajaribia wateja balbu moja moja. Na wewe unayecheka, pita hapa kesho. Holda ipo, tuone kama unawaka.