Pikipiki ya Emery Haiendi Polokwane

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Emery anahama! Ameniambia asubuhi, amekaa kwenye kiti changu, ameshika kikombe changu. Nyonga imemshinda, ngazi za nyumba hii zimemshinda, na binti yake Murielle, nesi kule Polokwane, amemtayarishia chumba cha chini. Kesho anakuja na trela. Jumamosi wanaondoka. Nikasema vizuri sana, hongera. Kisha nikaenda kujifungia bafuni mpaka wapangaji wenzangu wakaanza kugonga mlango.

Miaka kumi na sita tumepakana ukuta hapa mtaani Bertrams. Yeye Mkristo wa Lubumbashi, mimi Mwislamu wa Tanga. Ramadhani ananipikia uji wa kufuturia, pilipili manga anazidisha kila mwaka, nami nakunywa. Jumapili mvua ikinyesha nampelekea mwavuli kanisani, nangoja nje hadi wamalize kuimba. Wale hawamalizi. Sasa Polokwane!

Ila ana sharti. Haendi bila pikipiki yake. Kilo mia tatu na arobaini, pana kama ng'ombe. Aliinunua baada ya miaka kumi na tisa ya kulinda mageti ya watu. Siku hizi hawezi hata kuipanda. Huiwasha, akaisikiliza, akaizima, akarudi ndani ana furaha. Na nani ataifunga kwenye trela? Emery amesema hamwamini mtu mwingine ila mimi.

Ni kweli mimi ni mfungaji. Mabasi ya Lubumbashi na ya Dar yanayotoka hapa mjini yote yamebeba marobota yangu. Basi nimekaa nikafikiri. Pikipiki isipofungika, haisafiri. Isiposafiri, Emery haondoki. Na mfungaji ni mimi! Nimejikuta natabasamu peke yangu jikoni.

Jumanne, 4 Novemba

Murielle amefika. Binti mzuri, ana heshima, ananiita tonton, yaani mjomba, kama zamani alipokuwa akisukwa mikia miwili. Trela ameazima kwa bosi wake, lile ambalo matajiri huendea likizo: mbele kitanda na sinki, nyuma nafasi ya pikipiki, na mlango wa nyuma unashuka mpaka chini ukawa daraja.

Mpango wa kwanza: trela ni fupi. Nikapima pikipiki toka gurudumu la mbele mpaka kibati cha namba, nikaongeza shubiri mbili kimya kimya. Nikatangaza uani kwa uso wa msiba kwamba haitoshi.

Akatokea Firmin. Huyu ni fundi magari wa chumba cha uani, mtu wa Kolwezi, hawezi kuomba chumvi bila kusema "techniquement", yaani kiufundi. Akanyakua futi yangu, akapima upya. Techniquement, akasema, pikipiki inaingia na friji inaingia. Akauliza mbele ya watu wote kama Tanga wanapima na kivuli. Murielle alicheka mpaka akashika ukuta. Emery hakucheka. Aliniangalia tu kwa muda mrefu, nikajitia kukunja futi.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa pili, rahisi: kuifunga vibaya. Murielle alitaka kuijaribu kwanza kwa kuizungusha Ellis Park, pale uwanjani, kabla ya kuipeleka barabara kuu ya N1. Mimi nilegeze kamba, pikipiki iyumbe, Murielle aogope, safari ife. Hakuna atakayeumia.

Lakini Firmin alikuja kusimama nyuma yangu, mikono kifuani, anatazama mafundo. Mikono yangu ikakataa! Tangu nianze kazi hakuna mtu aliyewahi kuona fundo langu limelegea, aje alione Firmin? Nikajikaza kisabuni. Nikaifunga kama robota la Lubumbashi. Nimeiegemeza kwenye stendi yake, blanketi mbili, godoro kuukuu la sponji ubavuni, kamba juu ya kiti, kamba chini ya tumbo, msalaba, fundo. Nikaipiga kofi, haikutikisika. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa naharibu.

Firmin akasema robota halina springi. Pikipiki ina shokapu. Ikikutana na tuta itazama, ikizama kamba zitalegea, zikilegea kwaheri. Nikamwambia mimi nafunga mizigo tangu yeye hajui kufunga vifungo vya shati. Murielle akaondoka na bakkie yake, ile pikapu, trela nyuma. Tukangoja getini.

Alirudi polepole sana. Tulipoteremsha mlango, pikipiki ilikuwa imelala ubavu juu ya godoro langu, usukani ndani ya sinki, kioo kimoja kimevunjika. Bila lile godoro na tangi lingebonyea.

Mpango umefaulu! Nilipaswa kushangilia. Emery akapanda daraja na fimbo yake, hatua moja, apumzike, hatua nyingine. Akaweka kiganja kwenye tangi. Akasema kosa ni lake yeye, amenitwika kazi isiyo yangu, na mimi ndugu yake nina shughuli zangu. Kisha akaniuliza kama nimeumia vidole.

Mimi ni mtu mbaya. Naandika hapa ili nisije nikasahau.

Alhamisi, 6 Novemba

Murielle ameniita pembeni. Kumbe baba yake hahami kwa sababu ya ngazi. Anahama kwa sababu yangu. Kwamba nampandishia ndoo za maji, namfulia mashuka, nampeleka kliniki na kupoteza nusu siku ya kazi, na eti anaona haya. Murielle anadhani baba anangoja mtu mmoja tu amwambie asiende. Akaniuliza kama namjua mtu huyo. Nikamwambia nitaulizia.

Kutwa nzima sikuweza kufunga hata mfuko. Mteja mmoja amenipa sufuria zake, nikazifunga pamoja na jaketi langu.

Jioni nikaenda kwa Firmin na sambusa sita za Fordsburg. Moja nilikula njiani kwa wasiwasi. Nikamwomba anifundishe. Nilitegemea anicheke, nimejiandaa na majibu mawili. Hakucheka! Amekula sambusa tano, akafuta mikono, akachora sakafuni kwa chaki. Gurudumu la mbele liingie kwenye kishikio cha chuma. Stendi ipandishwe. Mikanda minne, ile ya malori yenye mkono wa chuma, miwili mbele, miwili nyuma, kila mmoja ushuke kwa mshazari mpaka kwenye pete ya sakafuni. Usishike usukani, shika chuma kilicho chini yake. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka shokapu zizame nusu. Nusu tu! Ukizizamisha zote utapasua sili. Mikanda ya nyuma ni ya kuizuia isicheze. Na baada ya kilomita hamsini, simama, kaza tena.

Nimemwambia ahsante. Kwa shida, lakini nimesema.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimenunua mikanda minne mipya na kioo. Nimeifunga mwenyewe, Firmin pembeni hakunena neno, hata lile la techniquement. Murielle akaizungusha tena, akapita tuta la shule kwa makusudi. Imerudi imesimama wima kama bwana harusi. Emery amepiga makofi, akaniita mhandisi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na inampeleka rafiki yangu kilomita mia tatu na ushee.

Nilikuwa nimeamua kumwambia lile neno. Usiende. Neno moja, halina hata uzito! Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama amepakia dawa zake. Nikafungua tena, nikamuuliza kama Polokwane kuna joto. Mara ya tatu ikanyesha mvua ya mawe, tukakimbilia ndani. Yaani mimi nilikimbia, halafu nikarudi kumbeba.

Jumamosi, 8 Novemba

Wameondoka saa tatu asubuhi. Emery dirishani, shati jeupe la kanisani. Akanishika mkono akiwa ndani ya gari. Akaniita mzee kwa Kifaransa chake: "Vieux, miye nakwenda sasa." Akangoja. Nami nikamwambia: kilomita hamsini, mkaze mikanda.

Hayo ndiyo yaliyotoka. Miaka kumi na sita!

Hakuuachia mkono wangu mpaka gari lilipoanza kusogea. Na ile robot ya kona, taa ya barabarani, ambayo kila siku huwaka nyekundu hadi mtu azeeke, leo ilikuwa kijani. Wamepita moja kwa moja.

Nimelia pale pale barabarani. Firmin ameniletea chai ya rangi isiyo na sukari, akakaa nami kwenye ngazi. Akasema mikanda imekaa vizuri. Namchukia, ila si kama zamani.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepika chai ya watu wawili. Nimekunywa yote. Nimeumwa tumbo.

Jumanne, 11 Novemba

Emery amepiga simu! Walifika salama, pikipiki haikupata hata mkwaruzo. Bado imo ndani ya trela, bosi wa Murielle hana haraka nalo. Akauliza, wafungue tu mikanda, au kuna utaratibu?

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nikamwambia Mungu wangu, msiiguse! Kwetu wafungaji wa Tanga mkanda hufunguliwa na mkono ule ule ulioufunga. Mwingine akifungua ni nuksi, chombo hakiwaki tena. Nimeitunga pale pale nimesimama, bila hata kumeza mate.

 Kisha akasema pole, kumbe wameshafungua mitatu tangu juzi. Nikamwambia mitatu si kitu, nuksi iko kwenye wa nne. Akasema basi atamwambia Murielle airudishie yote mitatu kama ilivyokuwa, ili nikute kazi yangu kamili. Nikamsikia Murielle nyuma anacheka, sijui kwa nini. Emery akauliza kufungua mikanda minne kunachukua muda gani. Nikasema kwa uangalifu, siku tatu. Akasema yeye alidhani wiki mbili. Mtu huyu hajui lolote kuhusu mizigo! Sikumsahihisha. Wiki mbili.

Ijumaa baada ya swala napanda basi. Ameingia mtegoni mzimamzima, hakushuku chochote. Na nikimaliza mikanda, nitasema shokapu zinahitaji kuangaliwa kila mwezi.

Mwishoni Murielle alichukua simu. Akaniuliza, tonton, kwa nini nisimwambie tu baba yake kwamba nimemkumbuka. Nikamjibu hili ni suala la ufundi, haliwezi kuelezwa kwenye simu.