Mmiliki Kamili wa Uwanja wa Nyuma ya Darasa la Tatu

Umma wa Mikumi ulifahamishwa, kwa kipaza sauti, kwamba zama za kupangapanga zimekwisha. Mheshimiwa Lupakisyo, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuhuisha Viwanja Vilivyozubaa, alitangaza kuwa kila aliyepanga ardhi ya shule ya msingi kwa mkataba mrefu sasa atamilikishwa moja kwa moja.

Waliokidhi vigezo walikuwa mmoja. Yeye.

Alikuwa amepanga uwanja wa mpira nyuma ya darasa la tatu, akajenga gesti ya watalii wa mbugani. Kikaoni, ili kuepuka mgongano wa maslahi, alihamia kiti cha pembeni, akapiga kura kutoka huko.

"Mkataba ufutwe wote!" aliagiza. "Mwenye mali hapangiwi masharti."

"Wote kabisa, mheshimiwa?" aliuliza mwalimu mkuu, Gaudiosa.

"Mwalimu, wote una mabaki?"

Ukafutwa wote.

Siku ya kupokea wageni wa kwanza, Bonifas, mlinzi wa shule, hakufungua geti.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Fungua, naenda kwangu."

"Ruhusa ya kupita hapa ilikuwa kwenye mkataba, mzee. Sasa wewe ni mtu baki."

Lupakisyo alitafakari njia mbadala. Nyuma ya gesti kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna tembo, ambao hawatambui kamati. Akaitiwa mwalimu mkuu.

"Muda wa masomo anaingia mwalimu, mwanafunzi au mzazi," Gaudiosa alisema kwa upole wote. "Una mtoto hapa, mheshimiwa?"

Nusura acheke. Mtoto wake, shule ya serikali? Goodhope alikuwa anasoma Morogoro mjini, shule ya basi la njano na keki siku ya kuzaliwa! Lakini wageni walishafika stendi, na gesti isiyofikika ni pagale tu lenye mapazia.

Kesho yake Goodhope aliripoti darasa la tatu, fagio mkono mmoja, dumu la maji mkono wa pili, akabanwa kwenye dawati na wenzake wanne. Baba yake akavuka geti kifua mbele, mzazi halali. Nyuma yake walifuata wanawake wawili wa Kizungu wenye mabegi.

"Na hawa?" aliuliza Bonifas.

"Shangazi zake Goodhope."

"Wamefanana kweli," Bonifas alikiri.

Gaudiosa alitokea na sululu. "Karibuni sana. Leo wazazi na mashangazi wanachimba choo."

"Choo? Si mnacho?"

"Kile cha zamani kimo ndani ya eneo lako. Umemilikishwa."

"Mimi ni Mwenyekiti!"

"Ndiyo maana unaanza."

Hadi mchana mheshimiwa alikuwa amezama hadi kifuani. Mashangazi walichimba kwa furaha, wakidhani ni sehemu ya ziara. Walimpiga picha akiwa shimoni, kisha wakauliza kesho wataanza saa ngapi.