Kiwiko Changu Kwenye "Ngazi ya Moshi"

Jumatatu, 7 Oktoba

Coon Rapids, nje kidogo ya Minneapolis. Mvua. Nimepigiwa simu na Mmarekani aitwaye Eric, mtangazaji wa redio ndogo ya mtaa huko Minneapolis. Ameokota santuri yetu kwenye duka la mitumba: "Ngazi ya Moshi", Nairobi, 1976. Roki ya nyimbo ndefu; upande wa pili wote ni wimbo mmoja, dakika ishirini na moja. Anasema Wajapani wanaisaka kama dawa. Jumapili ataita watu waisikilize, na anataka mwanabendi aliye hai. Akauliza nilipiga nini. Nikausikia mdomo wangu ukijibu: kinanda.

Nilikuwa fundi nyaya wa bendi tu. Dativa, mke wangu, alifunga bomba la maji akanitazama.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikwazo. Mpiga kinanda wa kweli, Bahizire wa Bukavu, yu hai na anaishi Brooklyn Center, dakika ishirini kutoka hapa. Nimelijua hilo miaka kumi na moja. Nikimwona kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, hujificha nyuma ya magunia ya unga. Leo Eric ameuliza habari zake; majina yetu yapo kwenye jalada, bila kusema nani alipiga nini. Nimemhamishia Kanada.

Kisha akanisikilizisha kwenye simu ile sehemu inayosifiwa zaidi: kinanda kinashikilia sauti moja nzito, dakika mbili nzima, ngoma zikihangaika chini yake. Sauti ile naijua. Tulikuwa studio, katikati ya wimbo ambapo kinanda kilitakiwa kupumzika, na Bahizire alikuwa ametoka kunywa chai. Niliingia kwenye kibanda chake kurekebisha waya, sijalala siku mbili, nikakalia kiti chake, nikasinzia. Kiwiko kikalalia kinanda. Tepu ilikuwa ya mwisho, hapakuwa na ya kurudia. Kiongozi wa bendi alidhani ni Bahizire aliyeharibu, akamfukuza siku hiyohiyo.

Nami nikanyamaza. Miaka arobaini na minane.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepata mbinu: bandeji. Mwenye mkono mbovu haombwi kupiga kinanda. Dativa anafanya kazi hospitali, kwa hiyo bandeji hazikosekani nyumbani. Nimejifunga mkono wa kulia wote. Mchana nikala ndizi kwa kushoto, nusu ikaishia kwenye shati. Dativa akauliza nimeumia wapi. Nikasema ndani.

Jumapili, 13 Oktoba

Eric alikuwa amekodi ukumbi wa kanisa, Brooklyn Center. Sikuwa nimeuliza kanisa gani. Aliyekuwa akipanga viti ni Bahizire, mvi kichwa kizima. Ndiye mpiga kinanda wa kanisa hilo. Eric akafurahi sana kusikia amerudi kutoka Kanada.

Watu kama sitini, Dativa mstari wa mbele. Santuri ikafika mahali pale, ukumbi ukatulia. Ilipokwisha, Eric akaniuliza wazo lile nililipata wapi. Nikasimama. Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri kabisa. Ila nikamwona Bahizire amefumba macho, anasikiliza kitu kilichomkosesha kazi.

Nikasema kweli. Kwamba sikuwa mpiga kinanda, kwamba nilisinzia, kwamba aliyefukuzwa ni mwenzangu na mimi nikakaa kimya. Eric akayarudia kwenye kipaza sauti cha redio.

Bahizire akaja polepole, akanishika mkono wenye bandeji.

"Niliona kwa mlango, Cleo. Ulikuwa unalala kama mutoto."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Mi nilikuwa na vidole, ningepata kazi fasi yoyote. Weye ulikuwa na nini?"

Nililia mbele ya watu sitini. Dativa akaifungua ile bandeji, nikajifutia machozi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bahizire amekuja kunywa chai. Amekaa muda wa saa tatu, tumecheka mpaka Dativa akatuletea maji. Alipoondoka nikamwahidi mke wangu kwamba uongo sasa basi. Alinishika shavu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Saa tisa alasiri Eric akapiga simu. Hana kinyongo, habari za kiwiko zimewatia wazimu wapenzi wa santuri. Akauliza kama bendi iliwahi kurekodi santuri ya pili.

Nikavuta pumzi. Nikasema ipo, ya mwaka 1977, imefungiwa kwenye sanduku la marehemu shangazi, Bukoba.

Nimempigia Bahizire kumuuliza kama Alhamisi ana nafasi. Tuna santuri ya zamani ya kurekodi.