Mashavu Yaliyovimba Mbele ya Altare

Élisabethville, Jumatano, juma la tatu la Kwaresima, 1951

Kwa Bwana Daktari wa Meno na Mataya,
Hospitali ya Wenyeji

Bwana Daktari mheshimiwa,

Pokea heshima zangu zote, na baada ya heshima pokea hasira yangu, ambayo nimeikunja vizuri isikuchafulie meza. Mimi ni katekista. Jumapili nasimama kando ya altare kuhakikisha kwamba hakuna anayepokea komunyo akiwa ametia kitu kinywani tangu saa sita ya usiku. Ni kazi ya macho, na macho yangu yanajulikana cité nzima, mtaa wetu wote wa Waafrika. Sasa wewe umekuja kuyaharibia kazi.

1. Mwezi uliopita ulikuja kwenye ukumbi wa parokia ukatueleza kwamba wengi wanaokujia wakilia jino wana kifuko cha maji ndani ya mfupa wa taya, na kwamba wengine, tena vijana, wana uvimbe unaoota humo humo kama kiazi. Wengi! Nimezeeka katika mji huu na sijapata kuuona ugonjwa huo. Watu waliovimba niliwaona, ndiyo, lakini hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamevimba tu. Ugonjwa umeanza siku mlipoleta mashine ya kupiga picha mifupa.

2. Ulisema pia kwamba mwanzoni hauumi, ndiyo maana watu wanachelewa kuja. Ugonjwa usiouma! Hata uvivu unauma mgongo. Mtu akiniambia anaumwa kitu kisichomuuma, mimi humpa jembe.

3. Na kwa nini ni sisi tu? Misa ya Wazungu mimi ndiye ninayewafungulia mlango, na sijaona hata Madame mmoja aliyeumuka shavu. Au nyinyi huvimba faraghani?

4. Siku hizi kila mla karanga amepata daktari wa kumtetea. Zamani nikiona shavu limejaa nilimnong'oneza mwenye nalo arudi nje akateme, naye alitii. Sasa ananitazama kwa huzuni na kugonga taya lake kwa kidole, kana kwamba ni mtakatifu wa kwenye dirisha la kioo. Mama mmoja aligonga la kwake hivyo hivyo, kisha akakohoa, na kipande cha muwa kikaanguka miguuni pangu. Mbona huyo hukumtaja kule ukumbini?

5. Hapa ndipo penye donda. Mwape, kijana wa sauti ya juu katika kwaya yetu, ni mchumba wa binti yangu Mado. Wangefunga ndoa baada ya Pasaka. Jumapili iliyopita akaja kupiga magoti na shavu limejaa. Nikamtoa kwenye mstari mbele ya watu wote, mama yake akiwemo. Unajua alinijibu nini? "Baba, haiko kalanga. Ni mufupa ya taya njo inavimba." Maneno yako hayo, Bwana Daktari, kinywani mwa mkwe wangu! Nikatangaza pale pale kwamba binti yangu haolewi na mtu anayemdanganya Mungu na mdomo umejaa. Ndoa nimeivunja, wala sijuti. Mado hanisemeshi tangu siku hiyo, na mama yake amejiunga naye, kwa hiyo nyumbani kwangu kuna utulivu mkubwa, na huo pia ninakudai wewe maelezo yake.

6. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, uwaamuru wagonjwa wako wavimbe upande wa kushoto tu, wa kulia tuwaachie waongo. Kama hilo linazidi uwezo wako, uhamishie ugonjwa kwenye magoti, ambako hakuna anayeficha chakula. Na kama sayansi yenu haifiki hata huko, basi fungeni chumba cha mataya mpaka Pasaka ipite, na ile mashine muifunike shuka. Asipokuwepo wa kutazama, hakuna atakayeugua.

Nisalimie masista wote, nisalimie Rigobert wa bandeji na wapishi wa uji, na wagonjwa wako pia, wale wa kweli, kama wapo.

Ni mimi, niliyefunga kweli na mashavu yangu ni ushahidi,

Symphorien Kapya, katekista

Nyongeza. Kila barua yangu humpa Mado aisahihishe kabla haijaondoka, na hii nilimpa ingawa tumenuniana. Aliisoma yote. Kisha akafungua kitambaa alichojifunga mpaka chini ya kidevu, ambacho nilidhani ni cha kununa. Bwana Daktari, nimeligusa taya lake kwa mkono wangu. Ni mfupa. Uvimbe huo anao tangu mvua zilipoanza na anasema haumuumi. Nilimuuliza mbona hakusema. Akajibu: "Weye njo nilikuwa naogopa, baba. Haiko lopitalo." Mimi, Bwana Daktari, si hospitali yako. Mwape ndiye aliyekuwa akimbembeleza aje kwako, wote wawili pamoja.

Naogopa sana. Karatasi nyingine sina, na kuandika upya ni kuchelewa, kwa hiyo unaipata barua jinsi ilivyo. Tuko nje, kwenye benchi lako. Mwape alikuwa mbele yetu kwenye mstari, na amempisha Mado. Acha kusoma, Bwana Daktari, toka umtazame mwanangu, na huyo kijana usimsahau.