Wolzi ya Mwisho na Winifred

Jumanne, 3 Novemba
Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa wolzi ya Boston, ile dansi ya wawili wawili, hapa mjini Morecambe, mwaka 1958. Haya, uongo. Nilikuwa nashika makoti mlangoni mwa ukumbi wa dansi. Lakini niliwaona wakicheza! Hatua ndefu, mwili unateleza, halafu unasita kidogo kama mtu aliyesahau funguo. Winifred Entwistle na gauni lake la kijani! Enzi zile, uliyecheza naye wolzi ya mwisho ndiye uliyemsindikiza kwao. Ilipopigwa, nikajificha nyuma ya makoti. Miaka hamsini na moja sasa.

Amekuwa mjane. Jumapili anahamia Leeds kwa bintiye. Imebaki dansi moja tu, keshokutwa mchana. Na wolzi ya mwisho huinyakua Cuthbert Pickup kila wiki, yule wa viatu vyeupe na nyonga ya chuma.

Jumatano, 4 Novemba
Nimemshawishi Horace, mpiga kinanda. Wolzi ya mwisho itangazwe kuwa ya samahani: unamgusa mwanamume begani, anakuachia mwenziwe, apende asipende. Horace akasema nitajuta. Wivu huo!

Alhamisi, 5 Novemba
Chai, keki, kinanda. Nikamgusa Cuthbert. Akaachia, uso umemvimba. Winifred mikononi mwangu! Bado ananukia lavenda, kama zamani. Hatua ya kwanza, ya pili, nikasita kama Boston inavyotaka... nikaguswa begani. Wazee kumi na mmoja, foleni! Wote kwa sheria yangu mwenyewe. Nikajipanga upya. Nilipofika mbele, wimbo ukaisha. Aliyekuwa naye? Cuthbert. Tayari kambebea mkoba!

Mlangoni Winifred akageuka. “We Wilf, mbona hujawahi kuniomba tucheze, hata mara moja? Santuri zangu sijazifungasha bado. Njoo kwangu Jumamosi uniombe, kama watu wengine.” Nikamjibu nitaangalia ratiba yangu. Ratiba gani, mjinga mimi?

Ijumaa, 6 Novemba
Nimewaza siku nzima. Niende tu, nibishe hodi, niombe? Mtu mzima na akili zangu? Hapana. Kesho ni mapema mno kwa mtu makini. Kinachotakiwa ni muda. Nimemwandikia Horace kikaratasi, nitakipenyeza chini ya mlango wake:

“Ndugu yangu, ulipokwama darini suruali imechanika, ni nani aliyekushikia ngazi na hajamwambia mtu hadi leo? Basi nifanyie hiki kidogo tu. Mpigie simu Winifred, uikaze sauti kama mtu wa stesheni, umwambie treni za Leeds hakuna mpaka Krismasi.”